Mkebe wa Mafuta ya Kukamulia

Umewahi kuona mzee akizunguka mkebe wa mafuta kama mtu anayeposa? Julai ile ya baridi, kwenye basi la kwenda Merigi nililopanda, Mzee Kipkurui alimwuliza mama mmoja muuzaji wa dawa za mifugo bei ya mafuta ya kukamulia, yale ya kupaka chuchu za ng'ombe. "Ng'ombe wangu amepasuka chuchu," alisema.

"Pole, mzee. Anatoa lita ngapi za maziwa?"

"Alikauka mwezi wa tano."

"Sasa chuchu ambazo hazikamuliwi zimepasukia wapi, kanisani?" Watu walicheka. Mzee akatazama mashamba ya chai nje, mimi nikaendelea kufuma sweta.

Basi liliposimama, alibaki mlangoni. "Mama, ni ya mbwa. Nyayo zake zimepasuka kwa baridi mpaka damu, leo siku ya tatu hasimami. Nipe mkebe mmoja."