Dripu ya Mke wa Jamaa Mmoja

Benchi la Mama Nereida limeegemea ukuta wa duka lake, pale barabara ya kutoka jiji la Ponce inapomaliza kona zake na kuingia mjini. Miguu yake mitatu ni ya mbao, na wa nne ni tofali lililookotwa baada ya kimbunga, kwa hiyo anayeketi upande wa tofali hashauriwi kucheka sana. Asubuhi, kabla jua halijauondoa ukungu kwenye mashamba ya kahawa, huwakosi watu wale wale. Yupo Sajenti, aliyerudi kutoka vita vya Vietnam na sikio moja zima na maneno ya masikio mawili. Yupo Redio, mume wa Nereida, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Na yupo Ndizi Mbichi, mrefu, mwembamba, dereva wa basi la shule, anayekula likizo pamoja na wanafunzi. Asubuhi hiyo aliongezeka wa nne, Abdiel, shemasi wa kanisa la kipentekoste la mlimani, ambaye kwa kawaida hupita hapo akiwapungia mkono na kuwaombea kimoyomoyo. Aliegesha gari, akaagiza kahawa, akaketi upande wa tofali.

Mkewe, Zoraida, alikuwa amemtuma mafuta. Uchungu ulikuwa umemwanza alfajiri, wa kuachana-achana bado, lakini hospitali ya mji haizalishi tena na safari ya Ponce ni kona tupu. "Jaza tangi, urudi, twende," alimwambia. Kituo cha mafuta kiko ng'ambo ya barabara. Abdiel alikuwa amefika ng'ambo hii.

— Kuna jamaa mmoja, — alianza. — Wa kanisani.

Wote watatu wakamsogelea. Pale kijiweni hakuna aliyewahi kuwa na shida. Shida zote huwa za jamaa mmoja.

— Ana nini huyo jamaa? — Sajenti aliuliza.

— Mkewe mjamzito. Kliniki walimpima wakamkuta na bakteria. Huko... chini. Sasa wanasema uchungu ukianza lazima atundikiwe dripu ya antibayotiki.

— Antibayotiki gani?

— Penisilini.

Sajenti akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeweka silaha.

— Penisilini naijua mimi kama ninavyoijua sauti ya marehemu mama. Jeshini, ukitoka mapumziko kule mjini, kwa wale wanawake, unarudi kambini unakojoa moto. Unapanga foleni, unashusha suruali, unachomwa. Sijaona aliyechomwa penisilini kwa kuzidisha sala.

Hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyaogopa Abdiel tangu siku ya majibu. Siku ile Zoraida aliingia kwa daktari peke yake. Yeye alibaki garini, akimalizia mahubiri ya redioni. Alipotoka alimweleza yote: kwamba mdudu huyo anaishi matumboni mwa watu wengi tu, huja na kuondoka, si ugonjwa wa kuambukizana kitandani, wala mama haumii naye, ila mtoto anaweza kuumia. Abdiel alishika maneno mawili, "amekutwa" na "penisilini". Baba yake naye alikuwa askari, na nyumbani kwao penisilini ni neno ambalo mama yake alilitamka wakati wa ugomvi tu. Tangu hapo alilala akitazama ukuta. Alihesabu jioni ambazo Zoraida alichelewa mazoezi ya kwaya. Alipiga magoti akamwomba Mungu amwondolee shuku, akainuka, na shuku nayo ikainuka.

— Kwa hiyo mzee unasema mke wa jamaa... — alisema.

— Mimi sisemi kitu. Dawa ndiyo inasema. Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako.

— Hiyo methali si ya wadudu, mzee wangu, — Ndizi Mbichi alisema.

— Ya nini basi? Nguoni huwa kuna nini?

Redio alicheka kwa pua.

— Sajenti, wewe unafikiria kwa suruali. Hebu fikirieni kwa kichwa. Kama ana mdudu, kwa nini wasimpe vidonge sasa hivi, akameza kwake, yakaisha? Kwa nini wangoje mpaka mwanamke yuko kwenye uchungu, hajui linaloingia wala linalotoka? Mama yangu alikwenda kunizalia mdogo wangu, akatoka amefungwa kizazi. Hakuna aliyemuuliza. Alikaa miaka anachemsha majani ya kila aina apate wa tatu, hajui kwamba mlango ulishapigwa kufuli.

Hakuna aliyemtania. Katika mji ule familia isiyo na mwanamke wa namna hiyo ni ya kutafuta. Abdiel mwenyewe alikuwa na shangazi. Hilo halikuwa la kubuni, na ndiyo maana yote aliyoyaongeza Redio baadaye yalipata pa kupitia.

— Sasa siku hizi ni dripu. Haya, penisilini imo, nakubali. Na kingine? Nani kati yenu ameionja?

— Dripu haionjwi, — Ndizi Mbichi alisema.

— Ndiyo hapo sasa.

— Mimi naona mnapoteza muda, — Ndizi Mbichi aliendelea, naye hakutaka kuachwa nyuma. — Ni maji. Tangu kimbunga watu wanaogea maji ya matangi, na tangi gani halina mjusi? Mke wa jamaa kaoga mjusi. Mdudu wa mjusi hamdhuru mtu. Ila dawa yao ndiyo mbaya. Mtoto akinyweshwa dawa ya Wamarekani kabla hajavuta pumzi ya kwanza, anazaliwa moyo wake uko kwao, Florida. Wangu wa mwisho alizaliwa kwa dripu. Leo nikimwita haitiki.

— Haitiki kwa sababu unamwita aoshe basi, — sauti ya Mama Nereida ilitoka dirishani.

Wakacheka, benchi likayumba, Abdiel akashika ukuta.

— Sasa huyo jamaa afanye nini? — aliuliza. Alijaribu kuuliza kama mtu asiyehusika.

— Ampeleke hospitali, ila dripu aikatae, — Redio alisema. — Yeye ni mume. Asimame kwenye mlango wa chumba, aseme hapana.

— Kabla ya hospitali, amkalishe mkewe, amuulize, — Sajenti alisema. — Asikubali kuondoka nyumbani bila jibu.

Halafu akamtazama vizuri Abdiel usoni, akalegeza sauti.

— Ila mwanangu... yaani, umwambie huyo jamaa asihuzunike. Kitanda hakizai haramu.

Alikusudia kumfariji. Abdiel aliyasikia yale maneno yakishuka kifuani kama jiwe kisimani.

— Huyo mke wa jamaa, mimba ina miezi mingapi? — Mama Nereida aliuliza, sasa amejitokeza hadi kiunoni dirishani.

— Tisa.

— Na uchungu haujaanza?

Abdiel akainua kikombe akanywa kahawa ambayo haikuwemo.

Hapo likasimama lori la watu wa umeme, limetoka mlimani kurekebisha nguzo. Akashuka fundi mmoja, mgeni, tope hadi magotini, kofia ngumu kwapani.

— Habari za asubuhi, wazee. Mama, naomba kahawa, isiwe na sukari nyingi.

Aliipokea, akapuliza, akageuka benchini.

— Samahani, mimi si mtu wa hapa. Kule juu, nyumba ya bluu baada ya kanisa, kuna mama mjamzito kaketi kwenye ngazi, mkoba miguuni. Kila gari likipita anasimama. Nimemwambia tumpeleke, kakataa, anasema anamngoja mumewe, kaenda kujaza mafuta. Kilichonisikitisha, halalamikii maumivu. Analalamikia dripu. Anasema si yake, ni ya mtoto, lazima iwahi kuingia saa kadhaa kabla hajatoka, ili mtoto asiugue mdudu wakati wa kupita. Anaogopa watachelewa.

Akanywa tena.

— Sasa nataka kujua. Mji huu mafuta yanajazwa wapi, mbali hivyo?

Wote wakatazama ng'ambo ya barabara. Kituo kilikuwa pale pale kilipo siku zote, pampu mbili na mbwa amelala katikati yake. Foleni hakuna.

Sajenti akaangalia viatu vyake.

— Ni mbali sana? — fundi aliuliza. — Au hakuna kituo?

Mama Nereida alikuwa ametoka nje, kitambaa cha jikoni mkononi. Hakumtazama fundi wala Abdiel. Alimtazama mumewe.

— Mimi nilikuwa naye mdudu huyo. Mimba ya pili. Nikatundikiwa dripu hiyo hiyo. Ya tatu wakanipima, hayupo.

— Hukuniambia, — Redio alisema.

— Nikuambie, umlete hapa kijiweni?

Abdiel akainuka. Kwa kuinuka kwake benchi likakosa uzito upande wa tofali, Ndizi Mbichi akabaki anaelea na kikombe chake. Alitaka kusema neno la kuaga, hata la kumwomba Mungu msamaha mbele ya watu, kama wafanyavyo kanisani kwao, lakini miguu ilikuwa imeshampeleka garini. Sajenti alimtangulia barabarani. Akasimama katikati ya lami, mkono juu, akizuia magari, ingawa hapakuwa na gari. Ndizi Mbichi ndiye aliyemfukuza mbwa na kushika mpira wa pampu.

Redio alibaki peke yake benchini. Akanyoosha kikombe dirishani, ambako Nereida alikuwa amesharudi.

— Kahawa imekwisha, — mkewe alisema, na birika linachemka nyuma yake.

Zoraida aliliona gari likipanda, safari hii hakusimama. Abdiel alifika mbele ya ngazi akamkuta amefumba macho, ameshika reli ya chuma kwa mikono miwili. Akachukua mkoba, akangoja hadi yale maumivu yapite.

— Mafuta yalikuwa mbali? — Zoraida aliuliza alipofumbua macho.

— Nilikaa benchini.

— Nilijua. Gari lilizima upande wa benchi. Mlimani kila kitu kinasikika.

— Nilikuwa nawauliza habari za jamaa mmoja, — Abdiel alisema, na hakuweza kumtazama. — Alimshuku mkewe.

Zoraida alimtazama toka viatuni hadi kwenye kola ya shati la ibada, ambalo alilala nalo usiku ili uchungu ukianza asichelewe.

— Na huyo jamaa kaamua nini?

— Ameona haya. Halafu amejaza tangi.

— Haya, aendeshe, — Zoraida alisema, akampa mkono amwinue. — Na tukifika kule, asibaki garini.