Watu Mia Moja na Mmoja: Kwaheri kwa Karani Wetu, Marlys Ostendorf

14 Juni 2014
Kwa Marlys Ostendorf, Karani wa Kata ya Haldor, Minnesota

Leo Jumamosi Bibi Marlys Ostendorf anastaafu baada ya kuwa karani wa kata yetu kwa miaka thelathini na minane. Alichaguliwa mara ya kwanza Machi 1976, baada ya karani aliyemtangulia kuhamia Arizona na kuondoka na mhuri mfukoni. Mhuri ulirudi kwa posta miezi minne baadaye. Muda wote huo Marlys aliandika chini ya kila barua, "Mhuri uko safarini," na kaunti ilizipokea barua zote bila neno.

Halmashauri imeniomba mimi, Duane Kvam, dereva wa greda, niandike maneno haya kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki ambaye amefanya kazi naye kwa muda mrefu kama mimi. Mwanzoni nilikataa. Sababu nitaieleza, maana wengi mtakaosoma karatasi hii na sahani magotini mnaijua nusu yake, na nusu hiyo ni mimi niliyewapa.

Marlys alipoanza kazi, Haldor ilikuwa na watu mia mbili themanini na wanne. Kata ni ile ile, maili sita kwa sita, vipande thelathini na sita, lakini mashamba yalikua na nyumba zikapungua. Shule ilifungwa, kisha duka, kisha kanisa moja kati ya mawili. Kila familia ilipoondoka, Marlys aliandika kwenye daftari lake jina, tarehe na mahali walikohamia, na kama walikuwa na mbwa aliandika mbwa amekwenda wapi. Mbwa watatu walibaki kwake.

Kazi ya karani ni kumbukumbu za mikutano, kura, barabara, makaburi na ugomvi wa ua. Kwetu sheria ya ua ni rahisi: majirani wawili wanasimama katikati ya mpaka, wanatazamana, na kila mmoja anatengeneza nusu iliyo upande wa mkono wake wa kulia. Ndugu wawili, Harlan na Wendell Gjerde, walikuwa hawajasemezana miaka tisa, na Wendell alisema afadhali atazamane na ng'ombe. Marlys akaenda kusimama mahali pa Wendell.

"Haya, Harlan, mimi ni Wendell. Nitazame."

Harlan akamtazama juu hadi chini. "Wendell hajawahi kupendeza hivi."

Wendell alikuwa amewapa mgongo, lakini mabega yake yalitikisika kwa kicheko kabla hajajizuia. Ua ule umesimama mpaka leo.

Mafuriko ya 1993 yalipobeba kalvati kumi na moja, mimi nilikuwa na miaka mitatu tu kwenye greda na sikujua hata moja ilikuwa na upana gani. Marlys alifungua daftari akanisomea vipimo vyote kumi na moja, huku amevaa buti za marehemu mumewe zilizojaa maji. Mke wangu Ione alimpenda kwa mambo kama hayo. Kila Alhamisi alinipa mkate wa mdalasini nimpelekee pamoja na taarifa ya barabara. Marlys aliukataa mara mbili na kuupokea mara ya tatu, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Sasa nifike mwaka 2012.

Mwaka huo kaunti iliamua kwamba kata yoyote yenye watu pungufu ya mia moja itaunganishwa na jirani yake. Sisi tungemezwa na Kata ya Pruett. Kila karani aliagizwa kupita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba itie sahihi idadi ya watu wanaoishi humo tarehe mosi Aprili. Karatasi zingefungwa kwenye bahasha na kupelekwa kaunti. Mkutanoni ingesomwa jumla peke yake.

Marlys alifika kwetu katikati ya Machi, nami nilikuwa barabarani. Ione alikuwa mgonjwa sana. Kitanda chake tulikiweka sebuleni ili aone magari yakipita. Yeye ndiye aliyetia sahihi kwa niaba yetu wawili. Alifariki tarehe ishirini na sita mwezi huo huo. Majira yale ya baridi tulizika watu watatu: mzee Gaylen Roes, mama yake Lowell Brandvold, na Ione wangu.

Siku ya mazishi, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, Marlys aliniletea karatasi na kalamu. "Duane, nitilie sahihi hapa," alisema kwa sauti ya chini, mkono wake begani kwangu. Nilitia bila kusoma. Wiki ile nilitia sahihi kila kilichowekwa mbele yangu.

Tarehe kumi Aprili jumla ilisomwa: watu mia moja na mmoja. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mimi mikono yangu ilibaki mezani.

Mtu anayeendesha greda anajua nyumba za watu kuliko anavyotaka kujua. Naona moshi, naona alama za matairi, naona sanduku la barua ambalo halijafunguliwa tangu Jumatatu. Nilikuwa nimeshahesabu kichwani, nyumba kwa nyumba, bila wale watatu tuliowazika. Nilipata tisini na wanane.

Kesho yake tulikuwa tunakunywa kahawa kwenye ghala la ushirika. Merle Stueve, mpima uzito wa nafaka, akanigeukia.

"Duane, wewe unapita kila barabara. Kweli tuko mia moja na mmoja?"

"Mimi napata tisini na wanane."

"Umejihesabu na wewe?"

"Nimejihesabu."

"Na majira haya tumezika wangapi?"

Nilisema watatu. Nilisema nikiangalia kikombe.

Merle alipiga meza kwa kiganja. "Basi karani wetu amefika mpaka makaburini! Jamani, Haldor hata ukifa hupewi likizo!"

Walicheka wote. Sikuwakataza. Nilimaliza kahawa nikaenda kazini, na nilipofika barabara ya nne nilikuwa nimeshaamini.

Tangu siku ile kila alichofanya Marlys nilikipima upya. Kwa nini aliniletea karatasi siku ya mazishi, na isiwe siku nyingine? Kwa nini alinishika bega? Nilijisemea kwamba alimtumia mke wangu kuokoa kiti chake. Niliacha kuingia jikoni kwake, taarifa ya barabara nikawa naiweka kwenye sanduku lake la barua. Tulipopishana njiani aliniinulia kidole kutoka kwenye usukani kama kawaida. Nami niliinua changu, kwa kuwa kutoinua ni tusi, ila niliinua kwa kuchelewa, na najua aliona.

Machi 2013 kulikuwa na uchaguzi. Marlys hakuwahi kuwa na mpinzani. Safari hii kura kumi na tisa ziliandikwa majina mengine kwa mkono, na yeye ndiye aliyetakiwa kuyasoma kwa sauti. Katikati aliinua karatasi moja karibu na macho. Kisha akasoma, "Ione Kvam." Akaweka karatasi chini, akachukua nyingine. "Ione Kvam," akasoma tena.

Watu waliangalia viatu vyao. Mimi nilimwangalia Marlys usoni, na niliona uso wa mtu aliyekamatwa. Hivyo ndivyo nilivyouona, na nimeishi na picha hiyo mwaka mzima.

Aliposema mwaka huu kwamba hatagombea tena, Lowell, mwenyekiti wetu, alinifuata kwenye gereji. Nilimwambia atafute mwandishi mwingine.

"Mwingine nani?" alisema Lowell. "Sisi wengine ama ni wageni kazini ama tunamwogopa. Kama una neno naye, bwana, si uende ukaliseme? Mwanamke anaondoka huyo."

Nilikwenda siku ya pili saa nne asubuhi. Marlys alikuwa anapanga madaftari kwenye maboksi.

"Kahawa?"

"Hapana, asante. Nimekuja kuuliza jambo moja."

"Uliza."

"Ulimhesabu Ione?"

Alifunga boksi alilokuwa nalo, akalibandika gundi ya karatasi mpaka mwisho. "Miaka miwili, Duane. Nilidhani ungeuliza wiki ile ile." Akachukua koti. "Tupande pikapu yako."

Alinielekeza kaskazini, hadi kwenye kona ambayo barabara inakwepa bwawa la matete. Hapo ndipo nimegeuza greda tangu mwaka 1990.

"Unageuzia wapi?"

"Hapa."

"Kwa nini hapa?"

"Kata inaishia hapa."

"Nani alikwambia?"

Nilifikiri. "Barabara," nikasema.

"Barabara ilikwepa maji. Mpaka haukukwepa kitu."

Akashuka, akaingia kwenye nyasi akihesabu hatua. Nilimfuata. Kwenye hatua ya mia nne na kidogo alisimama karibu na jiwe la wapima ardhi wa zamani, limezama mpaka shingoni. Kando yake kulikuwa na chuma kipya chenye utepe wa rangi ya chungwa, kilichopigwa na mpima wa kaunti Aprili hii. Nilipogeuka kutazama tulikotoka, kati yetu na barabara kulikuwa na nyumba moja nyeupe, na nguo kwenye kamba.

Katika nyumba hiyo anaishi Fermín Renteria, anayekamua ng'ombe kule Pruett, pamoja na mkewe Alma na mama yake Alma. Watu watatu. Wameishi hapo miaka minane, na sisi sote tulijua kwamba ni watu wa Pruett. Fermín alinijia mara mbili kuuliza kwa nini kipande cha njia ya kwake hakichongwi. Mara zote mbili nilimjibu, "Waulize Pruett." Pruett walimjibu awaulize Haldor.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza Marlys.

"Kaunti ilikubali ramani yangu kwa muda, mpaka mpima athibitishe. Ningesema mapema, meza ya Merle ingeanza kuwauliza hawa watu karatasi zao na wametoka wapi. Wanaamka saa tisa kwenda kukamua. Niliwaahidi hawatasumbuliwa."

"Na mimi je?"

"Wewe ungeniuliza, ningekwambia."

Tuliporudi alinitolea nakala ya orodha. Kwenye mstari wetu imeandikwa, "Kvam: mmoja." Imeambatanishwa na ile karatasi ya siku ya mazishi, yenye sahihi yangu iliyokwenda mshazari. Mzee Gaylen hayumo. Mama yake Lowell hayumo. Marlys aliwatoa wote watatu, akajumlisha, akapata tisini na wanane, sawa na mimi. Alijua kwamba kwa mkono wake mwenyewe ameifuta kata aliyoitumikia miaka thelathini na sita. Baada ya kuwatoa, ndipo alipochukua ramani ya zamani na kuanza kutembea mipaka yote minne kwa miguu, kwenye tope, ili aone kama kuna aliyesahauliwa.

Karatasi ya kwanza, ile aliyotia sahihi Ione, haikuweza kwenda kaunti. Marlys aliniambia hakuweza pia kuichana. Alinipa. Imeandikwa kwa penseli, "Wawili. Na paka mmoja asiyetaka kutajwa."

Kwa hiyo naandika hapa, penye jina langu, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Marlys Ostendorf hakuhesabu maiti hata mmoja. Tisini na wanane ilitoka kinywani kwangu, na ilikuwa pungufu kwa sababu mimi niligeuza greda mapema kwa miaka ishirini na miwili. Aliyeandika jina la mke wangu kwenye kura zile mbili simjui wala simtafuti. Pengine yuko ukumbini leo. Keki iko mezani, na anayeikata ni Marlys. Apokee kipande chake amtazame usoni.

Jumatatu iliyofuata safari yetu ya mpakani nilichonga njia ya akina Renteria hadi mlangoni. Ilichukua dakika kumi na mbili. Mama yake Alma alitoka na kiti akakaa kuangalia, na nilipomaliza alinionyesha kwa mkono shimo nililoliruka. Nikarudi nikalifukia.

Marlys anahamia kwa binti yake Sioux Falls kesho kutwa. Mstari wa mwisho wa daftari lake ameandika mwenyewe, "Ostendorf: hakuna," na chini yake ameweka jumla mpya, mia moja kamili. Tarakimu zimesimama wima kama zile za mwaka 1976.

Marlys, Haldor inakushukuru kwa miaka thelathini na minane, kwa kila mtu uliyemwandika, na kwa wale watatu ambao hukuwaandika. Tunakuombea afya, jiko lenye jua la asubuhi, na majirani ambao wakiwa na shaka watakuja kuuliza siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa, na naomba radhi mbele ya wote.

Huko uendako utukumbuke. Na mimi pia, ukiweza, unikumbuke.