Kitabu cha Marehemu Maura

Jamani, haya nilikuwepo, nimekaa na makalio yangu yote. Benchi letu liko nje ya duka la donati, mkabala na geti la chuo cha Kikatoliki, hapa kwetu New Hampshire. Kila Julai vijana wanajaa humo wiki mbili kusoma vitabu vizito vya kale. Asubuhi Misa, halafu wanazunguka meza, mwalimu haelezi kitu, anauliza tu, na vitoto vya miaka kumi na sita vinaitwa Bwana fulani, Bi fulani, kama mawakili! Mwaka huu yumo Perpetua, mtoto wa marehemu dada yangu Maura. Sasa siku hiyo baba yake, Emmett Tierney, dereva wa basi la shule tunayemwita Breki kwa sababu mdomo wake hauna, akaja anafuka moshi.

— Wamemnyang'anya kitabu!

— Nani? — nikauliza.

— Mwalimu! Mtoto kanipigia kwa simu ya ofisini, analia. Alienda na kile cha mama yake, kile Maura alichokiandikaandika pembeni. Mwalimu kakifunga, kakichukua: "Bi Tierney, hapa tunasoma kitabu chenyewe, si maoni ya mtu mwingine." Kampa kipya, pembeni cheupe pee!

Kahawa ikanimwagikia kwenye gauni.

— Mtu mwingine? Mamake mzazi ndiye mtu mwingine?

— Ndo hivyo, shemeji. Na Perpetua kagoma, bila kile hafungui mdomo mezani. Wamemwambia asipoongea mpaka kesho, afungashe arudi nyumbani.

Cletus, mwenzetu wa benchini, akakohoa. Huyo ndiye Jaji, alikuwa askari wa mlangoni mahakamani, basi sheria zote anazijua yeye.

— Hiyo kesi, mzee. Wanaharibu ushahidi. Saa hizi kuna mtu yuko huko chuoni na kifutio, anafuta.

— Anafuta nini, wewe? — nikamuuliza.

— Alichogundua Maura! Kosa la humo kitabuni ambalo maprofesa hawakuliona miaka mia nane. Sasa wameliona, wameona aibu.

— Nilijua! — Breki akapiga benchi ngumi. — Na askofu anajua!

— Askofu mdogo huyo — nikasema, sikutaka kupitwa. — Kinaenda Roma hicho! Kwenye kabati la chuma, funguo tatu!

— Nalivunja hilo geti leo!

— Vunja, tuko nyuma yako — akasema Jaji, na wala hakuinuka.

Hapo akatoka dukani sista mmoja mgeni, kijana, raba miguuni, boksi la donati mkononi. Kelele zetu alizisikia, nani asingezisikia?

— Samahanini. Mimi Sista Benedikta, naangalia bweni la wasichana. Perpetua hajala tangu asubuhi. Naenda kwa mkuu sasa hivi kumwomba arudishiwe kitabu.

— Mungu akubariki, Sista!

— Ila ataniuliza kwa nini kile na si kingine. Nataka nimjibu vizuri. Mama aliandika nini humo?

Jaji akaanza kufunga kamba za viatu. Miaka mitano kitabu hicho kilikaa juu ya friji la shemeji, na kila Pasaka nilikipangusa vumbi, nikakirudisha bila kukifungua.

— Aliandika... — Breki akaanza. Uso ukamwiva mpaka masikio. — Alikuwa na mwandiko mdogo, Sista. Mdogo sana.