Vitambaa Visivyooza vya Cloonavarry

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Odhran Tansey, Waziri Mdogo wa Utalii, Padre Gearoid, viongozi wa Njia ya Urithi, na ndugu zetu mliosimama mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha:

Karibu

Sisi wakazi wa Cloonavarry tunakushukuru kwa kufika. Tunajua umechelewa kwa sababu ya ng'ombe wa Packie Lenihan waliolala barabarani. Hawakuwa sehemu ya mapokezi, ingawa waliokuwepo wanasema wamefanya vizuri kuliko bendi.

Historia ya mti na kisima

Mti wa miiba utakaouona leo umeinama juu ya kisima cha mtakatifu ambaye wazee na Padre bado hawajakubaliana jina lake. Desturi yake ni fupi. Mgonjwa huchovya kitambaa kisimani, hugusa nacho panapouma, hukifunga mtini, kisha huenda zake. Kitambaa kikioza, ugonjwa nao umekwisha. Ila mtu mwingine asikifungue, maana atakayekifungua ataubeba ugonjwa uliomo.

Hatusemi kwamba ni kweli. Tunasema tu kwamba hapa kwetu hakuna aliyejaribu kwa hiari. Concepta Moran alinaswa kofia na soksi ambayo mgeni aliifunga mtini, akaifungua ili ajinasue, na usiku huo jino likamwamsha kitandani. Huenda jino lilikuwa na mipango yake. Padre Gearoid ametufundisha kuwa mambo haya si mafundisho ya Kanisa, nasi tunamheshimu. Alipoumwa mgongo alionekana kisimani alfajiri, akasema anamtafuta mbwa wake. Padre hafugi mbwa.

Mafanikio

Tangu Njia ya Urithi ifunguliwe kwa watalii, wageni wanakuja kuona magofu ya abasia, mnara usio na kichwa na batamaji wa ziwani, ambao huwauma wageni bila ubaguzi. Duka linafunguliwa tena Jumapili. Shule imepata mwalimu wa pili. Ukumbi huu hauvuji, isipokuwa hapo ulipokaa, na tunakuomba radhi.

Changamoto

Wenye Njia, kwa nia njema kabisa, walisimamisha kibao karibu na mti kisemacho: "Funga ombi lako hapa." Wageni ni watu watiifu. Wamefunga soksi za nailoni, mifuko ya plastiki, kamba za viatu, beji ya mkutano wa madaktari wa meno, na sidiria moja nyekundu ambayo imezungumzwa sana. Hakuna kimojawapo kitakachooza tukiwa hai. Upepo wa Februari ulipasua tawi la mashariki kwa uzito huo. Vijana waliotumwa kusafisha walikuja na ngazi, wakauliza habari za mti, Packie akawaeleza. Walikunywa chai, wakarudi na ngazi yao.

Lakini changamoto yetu kubwa, Mheshimiwa, ni Mama Attracta Gilhooly.

Mumewe, mzee Malachy, anaumwa kifua. Dawa za daktari wa mjini Sligo anazimeza. Majira ya kuchipua, Mama Attracta alikata kipande cha shati kuukuu la mumewe, pamba tupu kama inavyotakiwa, akakifunga kwenye tawi la chini. Mwezi wa Mei mgeni mmoja akaja akafunga juu yake koti zima la mvua, la plastiki, la njano. Limekaa pale kama paa. Mvua ya kaunti hii, ambayo hatujawahi kuilaumu kwa uchoyo, inateremka pembeni. Kipande cha Malachy ni kikavu kama kiko kabatini.

Kila asubuhi Mama Attracta huenda kukitazama. Mzee Malachy, asiyeamini kitu ila chai, humngoja mlangoni.

"Umekwenda kuangalia nini tena, mke wangu?"

"Kama kimeoza."

"Kimeoza?"

"Kiko vizuri kuliko wewe."

"Basi kishone, nikivae kanisani," akasema siku moja, kisha akakohoa mpaka akashika fremu ya mlango.

Packie alimshauri: "Mama, si ulitoe tu hilo koti? Nani atakuona?"

"Sijui mwenyewe alileta maradhi gani humo. Nikilala mimi, nani atampikia Malachy? Wewe?"

Sote tumewahi kula chakula cha Packie.

Maombi

Tunaomba kibao kibadilishwe, kiseme pamba, sufu au kitani, na kisiseme ombi.

Ombi la pili ni hili. Ratiba inasema utakata utepe hapo getini. Tunaomba ukishaukata usiurudishe mkasi, bali usogee nao mpaka mtini, ukate kamba ya lile koti la njano. Tulikusikia redioni ukisema hujaugua hata mara moja tangu uingie wizarani. Tulifurahi kwa ajili yako, kisha tukapiga kura.

Mama Attracta peke yake alipinga. "Huwezi kumwita mtoto wa watu umpe mkate wa magadi na ugonjwa," alisema. Tukaona ana haki. Kwa hiyo tumeamua hivi: wewe ukikata la kwanza, kila mmoja wetu aliyemo humu atafuata nyuma yako na kufungua kimoja, bila kuchagua. Kama kweli kuna ugonjwa, tutagawana mpaka uwe mdogo usimtoshe mtu. Padre amekubali kuanza na sidiria, kwa kuwa ni yeye aliyesema si mafundisho ya Kanisa.

Mwisho

Mheshimiwa, ukisikia mtu anakohoa nyuma wakati tunasoma, usidhani unapingwa. Ni mzee Malachy. Alisema hatakuja kusikiliza upuuzi wa vitambaa. Amevaa koti la Jumapili tangu asubuhi, naye amechagua kiti cha dirishani, mahali pekee ukumbini mti unapoonekana.

Mungu akupe kifua chepesi, uzee mrefu, na ng'ombe wachache njiani urudipo. Mvua imetabiriwa kabla ya chai. Mkasi huu hapa.

Ni sisi,
Wakazi wa Cloonavarry, pamoja na mti wao