Dakika Mbili za Lugano Makaburini

Kijiwe chetu cha Msasani, si ile ya Dar, kipo kwenye baraza la duka la pembejeo, kwa sababu hapa Tukuyu huweki benchi mahali pasipo na bati. Alhamisi ile mvua ilishika tangu alfajiri, na habari ilikuwa moja tu: Lugano, aliyekuwa amekaa nasi palepale. Jumatatu, kwenye maziko ya mzee Andongwisye kule Kawetele, bendi ya kanisa ilimaliza wimbo, wenzake wakashusha ala, yeye akaendelea peke yake dakika mbili nzima. Tarumbeta likakwaruza, likapasuka, likalia kama bata aliyekanyagwa, mpaka mwalimu wa bendi akamnyang'anya. Saa tisa alasiri wazee wa bendi wangekaa kumjadili. Tarumbeta ni la kanisa. Akifukuzwa, hana cha kupuliza.

— Nani kakutuma? aliuliza Amoni, ambaye tunamwita Jaji kwa sababu aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakamani.

— Hakuna, alijibu Lugano. Ni Quist tu, kaka.

Dainess, muuza kahawa wetu, akaweka birika chini kwa kishindo.

— Quist tena! Mwe! Mimi huyo mtu nimemchoka.

Quist ni Mmarekani anayepiga saksafoni, muziki wa jazi usioshika mdundo wala wimbo. Ametoa rekodi mia moja sitini na nne. Lugano anazifuata moja moja kwenye simu, kuanzia ya kwanza, na amefika ya hamsini na saba. Sisi tumesikilizishwa nusu ya hizo bila kuulizwa.

— Nyingine hata mimi zinanishinda, alisema Lugano. Ya arobaini na moja anajaribu tu mdomo wa saksafoni dakika ishirini. Lakini ya hamsini na tatu, alipiga baada ya kumzika rafiki yake. Wimbo unakwisha, yeye haachi. Unasikia kabisa hataki kuondoka.

— Mtu mwenye akili anatoa rekodi mia na sitini za nini? alisema Isakwisa, mpima majani kiwanda cha chai, ndiyo maana tunamwita Majani. Nakwambia ni rekodi ileile. Anabadilisha jalada tu.

— Wewe hujui, alisema Jaji. Wale ni mapacha. Mmoja anapuliza, mwenzake anapumzika.

— Mapacha gani? Huyo alishakufa zamani! Saksafoni wameifunga juu ya paa, upepo unajipigia.

— Majani, upepo unavuta pumzi? Mimi nimemsikia anavuta pumzi!

— Upepo wa kwao.

— Jamani, alisema Lugano, saa nane hii. Nisaidieni niwaambie nini wazee.

— Sema ulipandwa na homa, alisema Jaji, akichomoa karatasi. Halafu tuandike barua ya kumwomba radhi mjane wa mzee. Mama Sekela umemwaibisha mbele ya ukoo mzima. Naandika: «Kwa unyenyekevu mkubwa...»

— Andika pia hatasikiliza tena saksafoni, alisema Dainess.

— Hiyo msiandike, alisema Lugano.

— Basi kafukuzwe! Siku tatu tunakutetea, wewe unamtetea Mmarekani!

Walikuwa bado wanabishania neno «unyenyekevu» mama Sekela mwenyewe alipoingia barazani, kanga nyeusi kichwani, matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Tulisimama wote. Jaji akaificha karatasi mgongoni.

— Mugonile, mama, Jaji alisalimu kwa Kinyakyusa. Pole sana.

— Kaeni. Siku tatu nasikia mnajadili aibu yangu hapa. Kuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza kama nimeaibika?

Akamgeukia Lugano.

— Natoka kwa wazee wa bendi, nimewawahi kabla hawajakaa. Nimewaambia tarumbeta wakuachie, maana hukumaliza. Wamekubali, kwa kununa. Sasa nieleze, mwanangu. Usiku silali, ile sauti yako inanijia, inafika pale walipokunyang'anya, inakatika. Ilikuwa inaishaje?

Jaji alimtazama Majani. Majani akatazama kikombe. Lugano, mwenye rekodi hamsini na saba kichwani, alifumbua mdomo, vidole vikabonyeza hewa mara tatu, vikasimama.

— Sijui, mama.

Mama Sekela akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyechoka na wanaume wote wa Rungwe. Akakaa kwenye benchi.

— Kalilete tarumbeta, alisema. Nangoja hapa.