Mzee Elkanah na Darasa la Ijumaa

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kuendesha basi la shule yetu hapa Jeddah, Mzee Elkanah Odera anastaafu tarehe 30 Juni na kurejea nyumbani Homa Bay. Baadhi ya watoto aliowabeba wakilia siku yao ya kwanza ya shule sasa wana watoto wao. Mimi Fridah, niliyesimamia watoto kwenye basi lake, sikumbuki siku aliyomwacha hata mmoja kituoni.

Sisi wenzake tunamjua pia kwa jambo jingine. Mwalimu mmoja alipohama alimwachia kitabu kinene cha makala kuhusu serikali na siasa za Marekani: hoja za kale za waliobishania katiba yao, na maandishi ya leo kuhusu Seneti, mahakama na uchaguzi. Mzee hakutaka kukisoma peke yake. Ndipo likazaliwa darasa letu la Ijumaa, chumbani kwake mtaa wa Al-Baghdadiyah, chai ya maziwa ikiwa tayari.

Darasani, kwenye kura za kuamua mambo yetu unachagua unavyotaka, lakini katika mjadala sharti utetee upande usioupenda. Siku moja shuleni Mzee alinogewa na ubishi na Bonface, mlinzi wa geti letu, kuhusu kura ya turufu ya rais, akaliondoa basi la watoto Bonface akiwa bado ndani. Geti likabaki bila mlinzi, watoto wakashangilia hadi kituo cha kwanza. Na majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliwaonea wivu waziwazi, kwa kuwa hakuna anayewastaafisha kwa umri.

Kushindwa pia alikujua. Selipher, anayefanya kazi ya nyumbani na hapati ruhusa kila Ijumaa, alipoomba kushiriki kwa simu, Mzee alipiga kura ya kukataa. Alitaka watu waonane uso kwa uso. Kura zikamlemea. Akasema halas, yamekwisha, wengi wameamua, na tangu wiki ile akawa anamrekodia Selipher makala kwa sauti yake mwenyewe. Baadaye alipohamishiwa tawi la shule yetu la Riyadh kwa miaka miwili, yeye naye akawa mtu wa simu, nasi tukamcheka bila huruma.

Habari za kustaafu zilitukwamisha. Kanuni yetu ilisema mwanachama ni anayefanya kazi huku Saudia. Je, akienda ndiyo basi? Tulilijadili suala hilo Ijumaa iliyopita, na kwa kuwa hakuna aliyetaka Mzee abaki kuliko alivyotaka yeye mwenyewe, utaratibu wetu wa kutetea usichokipenda ulimtwika kazi ya kutetea aondolewe. Alianza vizuri: darasa ni la walio hapa, kiti apewe mgeni. Kisha akavua miwani.

"Ndugu zangu, upande huu nimeshindwa kuutetea," akasema. "Mimi nataka kubaki."

Hatukuwahi kumwona akiiacha hoja njiani. Nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Kanuni ikabadilishwa bila kura hata moja ya kupinga.

Asante, Mzee, kwa kutufikisha salama kila siku na kutufundisha kubishana bila kuchukiana. Tunakutakia afya, usingizi mrefu wa asubuhi na mvua ya kutosha shambani. Ijumaa ijayo zamu ya kusoma ni yako.