Sahani Tupu

Teksi ya Fez kwenda Sefrou hubeba sita. Nilibanwa kati ya Lalla Tamou, yaani Bibi Tamou, jirani yangu, na Lahbib, kijana anayeongoza watalii, ambaye hatukumjua mpaka alipoanza kujigamba.

"Wageni wangu nawafunda kwa barua kabla hawajapanda ndege. Kwetu, nawaambia, kubakiza chakula ni matusi. Maliza sahani!"

"Mwanangu, wewe umekulia hotelini?" Lalla Tamou akajipiga paja. "Sahani ikiisha, mwenye nyumba anajua hujashiba. Anakuletea nyingine!"

Lahbib akakuna kichwa. "Kumbe ndiyo maana wale Wajerumani walitoka wakilia. Nilidhani ni furaha."

Tulicheka hadi dereva akapunguza mwendo.

"Na kesho Ijumaa unawapeleka wapi wageni wako?" Lalla Tamou akamuuliza.

"Hukohuko Sefrou. Chama chetu cha waongoza watalii kimenipangia chakula kwa mama mmoja, mlango wa buluu karibu na daraja. Wapo kumi na wawili, wote wameshafundwa."

Mimi ninayeujua mlango ule nikageuka kutazama mizeituni.

"Waambie wabakize," Lalla Tamou akamsihi.

"Lalla, nikijikana leo, kesho nani ataniamini?"

"Dereva, nishushe hapa sokoni," akasema Lalla Tamou. "Kuskusi ya kesho iliyoko nyumbani niliipimia watu wanaobakiza."